Maktaba ya shule imeota ukungu: anza na maji, vitabu vitafuata

Ukungu wa maktaba unafuata maji. Spora zake, yaani zile mbegu ndogo sana zisizoonekana kwa macho, zinaelea hewani kila mahali, zinaingia dirishani, kwenye nguo za watoto, kwenye mabegi, na hakuna usafi wa kuzimaliza, kinachoamua kama zitalala tu au zitaota juu ya karatasi ni unyevu. Ndo maana unakuta shule imefuta vitabu vyote, imepaka rangi ukuta, imerudisha kila kitu kwenye rafu, alafu muhula unaofuata madoa yako palepale. Ukungu ulifutwa, maji yakaachwa. Kwaiyo huu mwongozo nimeupanga hivyo, maji kwanza vitabu baadaye, na nakuomba sana ufuate mpangilio hata kama roho inakuuma kuona vitabu vinasubiri.

Namwandikia hasa yule mwalimu aliyekabidhiwa funguo za maktaba juu ya vipindi vyake vingine, hana fundi, hana bajeti ya kueleweka, ila anajua kabisa kwamba kitabu cha shule kikioza mara nyingi hakinunuliwi kingine na anayebaki bila kusoma ni mtoto. Mengi ya hapa chini yanafanyika kwa vifaa vya kawaida, na pale panapohitaji fundi nitasema wazi.

Jikinge kwanza

Vumbi la ukungu linaingia mapafuni na kwa mwenye pumu linaweza kuleta shida kubwa siku hiyohiyo. Vaa barakoa ya N95 au FFP2 na uibane vizuri puani, ile ya kitambaa na ile nyepesi ya hospitali hazizuii chembe ndogo namna hii. Vaa glavu za mpira, miwani ya kufunika macho, nguo ya mikono mirefu, na ukimaliza nguo hizo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nyingine, kwa maji ya moto. Mwenye pumu, mwenye mzio, mjamzito au mtu ambaye kinga yake iko chini asiingie kabisa kwenye hii kazi. Na wanafunzi hawapewi hii kazi, hata wakubwa, hata wakijitolea wenyewe kwa moyo wote. Wao watasaidia baadaye kupanga vitabu vilivyokwisha kuwa safi.

Ukishaona ukungu unaoota, zima feni na kiyoyozi kwa sasa maana vinasambaza spora chumba kizima na hata madarasa ya jirani, funga mlango, weka tangazo, piga picha za kila sehemu kwa simu kabla hujasogeza chochote. Hizo picha zitakusaidia ukienda kumweleza mkuu wa shule kwamba bati linavuja.

Kuhusu ukubwa: shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema eneo la ukungu lisilozidi futi 10 za mraba, karibu mita moja ya mraba, mtu wa kawaida anaweza kulishughulikia mwenyewe akijikinga. Ukuta mzima au dari zima likiwa limeota, au maji yaliyoingia ni ya choo au mtaro, hapo ita wataalamu, usijibebeshe.

Hatua ya 1: pima unyevu, usikisie

Nunua kipima unyevu, kile kidogo cha dijitali kinachoonyesha joto na asilimia ya unyevu, au hata viwili vitatu kama inawezekana. Hii ndo pesa ya kwanza kutoka, kabla ya dawa yoyote, kabla ya rangi. Namba za kukumbuka ni chache: chini ya asilimia 60 uko salama, kati ya 45 na 55 ni pazuri zaidi, ikishapita 65 na kukaa huko siku kadhaa ukungu unaanza kuamka, na kwenye 75 au 80 hausubiri sana.

Kabla hujakiamini kijaribu kwa chumvi. Weka chumvi ya kawaida ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea matone machache ya maji mpaka ilowe tu bila kuyeyuka yote, iweke pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, acha usiku mzima. Hewa ya ndani ya mfuko itatulia kwenye asilimia 75. Kipima kikisoma 70 unajua kinapunguza 5, andika kwenye karatasi ndogo uibandike mgongoni mwa kipima na maisha yaendelee.

Alafu mahali pa kukiweka, hapa ndo wengi wanapokosea, wanakiweka mezani kwa mkutubi katikati ya chumba penye hewa nzuri, kinasoma 58, kila mtu anafurahi, wakati nyuma ya rafu ya chini kabisa kwenye ukuta wa nje ni 78. Kiweke huko ukungu unakopenda: nyuma ya vitabu, pembeni, chini, kwenye kona isiyopigwa na hewa. Soma asubuhi, mchana na jioni kwa wiki moja au mbili, uandike kwenye daftari pamoja na hali ya hewa ya siku hiyo na kama madirisha yalikuwa wazi. Baada ya hapo daftari lenyewe litakuonyesha shida iko wapi.

Hatua ya 2: tafuta maji yanatoka wapi

Maji yanaingia kwa njia tatu kubwa na kila moja ina dalili yake. Doa likiwa juu, darini au sehemu ya juu ya ukuta, na linakua baada ya mvua, ni paa au gata. Doa likianzia sakafuni likapanda mpaka usawa wa goti au kiuno, lipu inapukutika na kuna unga mweupe wa chumvi, ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Na kama hakuna doa lolote la kueleweka ila ukuta wa nje unahisi baridi ukiugusa na ukungu umetapakaa kwenye kona na nyuma ya makabati, hapo ni mvuke wa hewa ya ndani unaogeuka maji ukikutana na ubaridi.

Ukiwa na mashaka kati ya hizo mbili za mwisho, kata plastiki ngumu kama sentimita 30 kwa 30, bandika kwa tepu pande zote nne ukutani au sakafuni, acha siku moja hadi mbili. Matone yakiwa upande wa juu wa plastiki, upande wako, ni hewa ya chumba. Yakiwa chini yake, kati ya plastiki na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ni kipimo rahisi mno na kimeokoa watu wengi kununua mashine ya kukausha hewa wakati tatizo lao lilikuwa bomba lililopasuka ndani ya ukuta.

Toka nje pia, tena wakati mvua inanyesha, simama uangalie. Gata limejaa majani? Bomba la kushusha maji linamwaga palepale kwenye msingi? Udongo umepanda juu ya usawa wa sakafu ya ndani, au mteremko unaelekea ukutani badala ya kutoka? Kuna mti au maua yaliyopandwa yamegusa ukuta na yanamwagiliwa kila jioni? Kusafisha gata na kuchimba kamtaro ka kupeleka maji mbali ni kazi ya siku moja na mara nyingi inashusha unyevu kuliko kifaa chochote cha umeme. Ya paa na mabomba muachie fundi lakini usikubali kuambiwa "tutapaka rangi kwanza". Rangi juu ya ukuta wenye maji inabanduka, na nyuma yake ukungu unaendelea kula.

Hatua ya 3: kausha hewa ya chumba

Hapa kuna kitu lazima kieleweke maana bila hicho utafungua madirisha siku mbaya na utafunga siku nzuri. Ile asilimia kwenye kipima inategemea joto. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba kama gramu 17 za maji kwa kila mita moja ya ujazo, ya nyuzi 30 inabeba kama 30. Sasa chukua mchana wa joto, nje ni nyuzi 30 na unyevu asilimia 60, inaonekana sio mbaya, ila hiyo hewa ina gramu 18 za maji. Iingie kwenye maktaba yenye kuta nene na kivuli, ndani ni nyuzi 22, chumba hicho mwisho wake ni gramu 19 tu. Unyevu unaruka mpaka zaidi ya 90 na wewe ulidhani unaingiza hewa safi. Geuza sasa: asubuhi ya baridi nje ni nyuzi 18 na unyevu asilimia 80, unaona namba inatisha unafunga, kumbe hewa hiyo ina gramu 12 tu, ikiingia ndani ikapata joto la nyuzi 26 unyevu unashuka mpaka karibu 50.

Kwaiyo kanuni ni hii, fungua nje kunapokuwa na baridi kuliko ndani na hakuna mvua wala umande unaoingia, funga nje kunapokuwa na joto lenye unyevu na ndani kuna ubaridi. Ukifungua, fungua pande mbili hewa ipite moja kwa moja, dirisha moja peke yake halifanyi kitu cha maana.

Feni inasaidia kwa sababu hewa inayotembea hairuhusu kona kukaa na unyevu wake, ila feni haitoi maji chumbani, inayahamisha tu, na kama ukungu tayari umeota ndo unausambaza. Iwashwe baada ya kusafisha.

Mashine ya kukausha hewa ndo kifaa chenyewe kama umeme upo na hewa ya nje ni ya unyevu mwaka mzima. Iweke kwenye 50 au 55, funga madirisha na milango wakati inafanya kazi, la sivyo unajaribu kukausha hewa ya dunia nzima. Ndoo yake ikijaa inajizima yenyewe, kwaiyo unganisha mpira wa kumwaga maji nje moja kwa moja, na filta isafishwe kila mwezi. Zile zenye kompresa zinachoka chumba kikiwa na baridi ya chini ya nyuzi 15 hivi, huko tumia aina inayofyonza kwa kemikali kavu.

Kiyoyozi nacho kinakausha lakini kina mitego. Kikiwa kikubwa kupita chumba kinapoza haraka kinazima kabla hakijatoa maji, unabaki na chumba cha baridi chenye unyevu, ambacho ndo kibaya kuliko vyote. Na kukiwasha mchana kukizima jioni kila siku kunafanya vitabu vilivyopoa vikutane na hewa ya joto la usiku. Bora kikae kwenye nyuzi 24 au 25 muda mrefu kuliko 18 kwa saa chache.

Kuhusu chumvi kwenye bakuli, mkaa, mchele, vile vipakiti vya silika: kwenye boksi lililofungwa vizuri silika inafanya kazi kabisa, kwenye chumba chenye mlango unaofunguliwa kila dakika haibadilishi kitu. Usitumie nguvu huko.

Na kuna chanzo kimoja kinachosahaulika, deki. Sakafu inapigwa deki kwa maji mengi saa kumi jioni, madirisha yanafungwa, mlango unafungwa, taa zinazimwa, hayo maji yote yanaenda wapi usiku kama sio kwenye karatasi? Maktaba ifagiliwe kwa dasta kavu au ipigwe deki la kitambaa kilichokamuliwa sana, tena asubuhi. Miavuli na makoti yaliyolowa yabaki nje ya mlango. Maua ya kwenye vyungu yatoke.

Hatua ya 4: chambua vitabu

Kipima kikishakaa chini ya 60 kwa siku kadhaa, au angalau uvujaji umezibwa, sasa njoo kwenye vitabu. Gusa doa kidogo kwa brashi laini ya rangi. Likijipaka, ni laini, lina unyevunyevu au manyoya, ukungu uko hai. Likitoka kama unga mkavu, umelala. Usisafishe ulio hai, ukiusugua unausukuma ndani ya karatasi na doa halitatoka tena. Uliolala ndo unaosafishika.

Vumbi la kawaida linakaa sawasawa juu ya kitabu, ukungu unakaa kwa mabaka ya mviringo na unapenda mgongo wa kitabu, pale penye gundi, na majalada ya kitambaa, kwa sababu gundi ya wanga na jasho la vidole ni chakula chake. Madoa madogo ya kahawia yaliyotawanyika ndani ya kurasa za kitabu cha zamani, hayana unga, hayana harufu, yaache, ni uzee wa karatasi na hayaambukizi. Ukiona vijidudu vidogo sana vya rangi ya maziwa vinakimbia ukifungua kitabu, hivyo vinakula ukungu, maana yake unyevu upo hata kama hujaona doa bado. Vitafute kwa macho makini kwenye vitabu ambavyo havijaazimwa muda mrefu.

Gawa mafungu matatu. Vizima, virudi upande wa chumba ulio mkavu. Vyenye ukungu, vipelekwe chumba kingine kikavu chenye hewa, kwenye maboksi ya karatasi, na lebo. Na vya kutupa. Mfuko wa plastiki utumie kwa kusafirishia tu, usikiache kitabu chenye ukungu hai ndani ya plastiki kwenye joto hata usiku mmoja, humo unyevu hautoki na ukungu unaota haraka zaidi.

Hapa naomba uwe na ujasiri wa kutupa. Kitabu cha kiada kilichopitwa na mtaala, chenye kurasa zilizogandamana, ambacho kina nakala nyingine nzima, hakistahili saa ya mapafu yako. Kifunge kwenye mfuko, kiandike kwenye orodha ya vilivyoondolewa ili hesabu ya shule ikae sawa, kitoke. Saa zako zihifadhi kwa ajili ya vile visivyopatikana tena, kumbukumbu za shule, magazeti ya wanafunzi wa zamani, vitabu vya lugha za nyumbani ambavyo vilichapwa mara moja tu, kamusi nzuri. Hivyo pigania.

Vyenye ukungu hai vikaushwe kwanza mpaka ulale: visimamishwe vikiwa vimefunguka kidogo kwenye chumba cha unyevu wa chini ya 50 na hewa inayotembea taratibu. Kama ni vingi na huna nafasi, friza inasaidia, vifunge kwenye plastiki safi, viweke kwenye nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri. Baridi inasimamisha ukungu ili upate muda, haiui spora, kwaiyo ukivitoa bado lazima vikauke na visafishwe.

Hatua ya 5: safisha kitabu kimoja kimoja

Fanyia nje, kivulini, mbali na madirisha ya madarasa, siku kavu, upepo ukiwa unatoka mgongoni kwako unaenda mbele. Shika kitabu kikiwa kimefungwa na kimebanwa, mgongo wake juu, brashi laini ianze kwenye mgongo ishuke kuelekea kingo, kwa mapigo mafupi ya upande mmoja, kamwe usisugue kwenda na kurudi. Alafu kingo za kurasa, kitabu kikiwa bado kimebanwa ili unga usiingie ndani. Mwisho fungua jalada la mbele na la nyuma maana pale kwenye maungio ndo unajificha. Ndani ya kitabu kukiwa safi usikifunguefungue.

Kama una mashine ya kufyonza vumbi yenye filta ya HEPA, ile inayonasa hata chembe ndogo sana, unaweza kufanyia ndani, kwa nguvu ndogo, na kipande cha chandarua mdomoni mwa mpira ili usivute karatasi. Mashine ya kawaida isiyo na hiyo filta usiiguse kabisa, inavuta spora mbele inazipuliza nyuma.

Majalada ya plastiki au ya kitambaa kigumu yafutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo spiriti ya asilimia 70. Ya 70 ni nzuri kuliko ya 95 kwa sababu inakaa muda kabla ya kuruka. Jaribu kwanza kwenye kona uone kama rangi inatoka, usitumie kwenye ngozi, usitumie karibu na moto, na uwe penye hewa. Ndani ya kurasa usipake kitu chochote, wala spiriti, wala siki, wala blichi. Blichi inakula karatasi polepole miaka yote inayofuata hata baada ya kukauka.

Yale makava ya nailoni tunayovalisha vitabu ili visichafuke, yavue yote kwenye vitabu vilivyoathirika. Maji yananaswa kati ya nailoni na jalada na hayana pa kutokea.

Jua? Watu wanalipenda, na ni kweli mwanga wa jua unadhoofisha ukungu, lakini unafifisha wino na kupinda majalada. Nusu saa kwa kitabu kikavu cha kawaida sina ugomvi nayo. Siku nzima uwanjani, hapana, na kitabu kilicholowa kisiende juani kabisa. Harufu ikibaki, weka kitabu ndani ya boksi kubwa pamoja na kibakuli cha magadi ya kuokea bila kugusana, funika, acha wiki moja au zaidi.

Hatua ya 6: rafu, kuta na sakafu

Rafu za chuma ni rahisi, maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha kitambaa kikavu, kisha spiriti, ziachwe zikauke kabisa kabisa kabla ya kitabu hata kimoja kurudi. Mbao nzuri nazo hivyohivyo ila kwa maji kidogo sana. Chipbodi iliyovimba haiponi, itoke. Silingibodi iliyolowa na kuota ukungu nayo itolewe, usiipake. Zulia lililolowa zaidi ya siku mbili litoke na lisirudi, maktaba ya mahali penye unyevu haihitaji zulia.

Kuta za lipu osha kwa sabuni na maji kidogo huku umevaa barakoa, usikwangue ukuta mkavu maana vumbi litajaa hewani. Blichi kwenye lipu na mbao inafanya doa lionekane jeupe juu wakati mizizi iko ndani, sabuni na kukausha ni bora. Na kama kuna mtu ataitumia kwenye vigae vya sakafu, asiichanganye na siki, wala amonia, wala spiriti, wala dawa ya choo, gesi inayotoka inaweza kuua. Rangi, hata ile ya kuzuia ukungu, inasubiri ukuta ukauke hadi ndani, na ukuta mnene unaweza kuchukua wiki nyingi hata miezi.

Kurudisha rafu, ziache sentimita 10 kutoka ukuta wa nje, na ya chini kabisa iwe juu ya sakafu angalau sentimita 15. Vitabu viletwe mbele kwenye ukingo wa rafu ili nyuma yake hewa ipite, visibanwe, kidole kiweze kuingia kati. Makabati yasiyo na mgongo ni bora kuliko yaliyozibwa.

Vitabu vikilowa ghafla

Paa limepasuka usiku, asubuhi unakuta maji. Hapa unashindana na saa, ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48, kwenye joto hata mapema. Vyenye karatasi ya kung'aa, atlasi na vitabu vya picha, vishughulikie kwanza kabisa, zikishaanza kukauka zikiwa zimegusana kurasa zinagandamana moja kwa moja, una saa kama sita tu.

Beba kitabu kilicholowa kwa mikono miwili au juu ya ubao, usikifungue kwa nguvu, usikikamue. Weka karatasi nyeupe za kunyonya maji, zile za jikoni zisizo na maandishi, kila baada ya kurasa kama 20 au 30, usijaze sana mgongo ukapasuka, badilisha kila zinapolowa. Gazeti lenye wino linaacha rangi, liweke chini ya kitabu tu. Kikishaacha kudondosha maji kisimamishe, kurasa zimefunguka kidogo, feni ipulize chumba isielekezwe kwenye vitabu. Kikikaribia kukauka kilaze chini ya uzito ili kisipinde. Vile usivyoweza kuvifikia ndani ya siku mbili, friza.

Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika mji wa Florence huko Italia na vitabu, magazeti, ramani na vitu vingine zaidi ya milioni moja vya maktaba ya kitaifa vikalowa maji na matope. Vijana walikuja kutoka nchi nyingi wakapanga mstari kuvipitisha mkono kwa mkono, na vingine vilikaushiwa kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku kwa sababu ndo palipokuwa na nafasi na joto. Kwaiyo ukumbi wa mikutano, bwalo, darasa tupu, popote pakavu penye nafasi panafaa. Panga leo, kabla ya mvua, sehemu ipi ya shule itakuwa hiyo na nani ana ufunguo wake.

Likizo

Maktaba nyingi zinaota ukungu wakati hakuna mtu. Mlango unafungwa wiki kadhaa, kiyoyozi kinazimwa kuokoa umeme, hewa haitembei, gata linaziba, na siku ya kufungua shule ndo watu wanakuta. Kabla ya kufunga: vitabu vyote vilivyorudishwa vikaguliwe maana vingine vimetoka kwenye mabegi yaliyolowa, milango ya makabati iachwe wazi, hakuna deki siku ya mwisho, mapazia yavutwe yasigusane na rafu, mashine ya kukausha ibaki imewashwa na mpira wake wa maji ukiwa umeunganishwa, au kama haipo basi feni ndogo kwa taimu. Mlinzi au mtu yeyote anayebaki shuleni aombwe rasmi na mkuu wa shule kwa maandishi kwamba aingie mara moja kwa wiki, asome kipima, afungue madirisha asubuhi ya siku kavu, anuse, aangalie dari, aandike. Muonyeshe kwa vitendo kabla hujaondoka, muachie namba ya mtu wa kumpigia kipima kikipita 65 siku mbili mfululizo.

Misaada ya vitabu nayo inafika mara nyingi kipindi hicho, maboksi yamekaa stoo za watu miaka. Yasiingie maktaba. Yakae chumba kingine wiki mbili, kila kitabu kifunguliwe, kipigwe brashi, kinuswe, na chenye ukungu hai kirudi nje siku hiyohiyo hata kama ni kipya na kizuri. Andika kwenye daftari lilelile la unyevu boksi limefika lini na nani alilikagua, na daftari likabidhiwe pamoja na funguo kila mwalimu wa maktaba anapobadilishwa.